Neno "Milele" na Wokovu wa Wote: Kuusoma Upya Mjadala wa Mbiti na Kato

Utangulizi

Imani kwamba Mungu hatimaye atawaokoa watu wote ni ya kale katika Ukristo. Origen wa Alexandria aliitafakari katika karne ya 3, na mafundisho yaliyohusishwa naye yakalaaniwa katika karne ya 6. Hata hivyo, kwa Wakristo wengi wa Afrika Mashariki suala hili halikutokana na mababa wa Kanisa. Lilizuka nyumbani: je, mababu waliofariki kabla ya kuisikia Injili wako wapi? Makala haya yanahakiki vitabu viwili vinavyoligusa swali hilo: New Testament Eschatology in an African Background (1971) cha John Mbiti, na Theological Pitfalls in Africa cha Byang Kato, kilichochapishwa Kisumu mwaka 1975. Tunadai kwamba mjadala wao kuhusu hatima ya binadamu uliacha nyuma swali la lugha ambalo lilipaswa kutangulia.

Mbiti na taswira ya moto

Ubora wa kitabu cha Mbiti umo katika uchunguzi wake wa Wakamba, jamii yake mwenyewe, waliohubiriwa na wamisionari wa Africa Inland Mission. Anaonyesha kwamba moto, mbingu na hazina, ambazo katika Agano Jipya ni taswira, zilipokewa kama vitu na mahali halisi. Kutoka hapo anaelekea kwenye tumaini pana zaidi, akidokeza kwamba hakuna nafsi iwezayo kumkimbia Roho wa Mungu moja kwa moja.

Hatua hiyo ya pili haifuati ya kwanza. Kuonyesha kwamba moto ni taswira si kuonyesha kwamba adhabu ina mwisho. Taswira yaweza kusimamia jambo zito kuliko moto wenyewe. Aidha, nadharia yake ya wakati ina upungufu. Mbiti alichukua maneno ya Kiswahili, Sasa na Zamani, kuwa istilahi zake, akashikilia kwamba fikra za jadi za Kiafrika hazina wakati ujao ulio mbali. Lakini Kiswahili hichohicho kina milele, daima, abadi na dahari. Hata kama baadhi ya maneno hayo yametoka katika Kiarabu, wasemaji wamekwisha kuyafanya mali yao. Nadharia iliyotegemea zaidi vitenzi vya Kikamba na Kigikuyu haikupaswa kulibeba bara zima.

Kato na istilahi moja

Kato, mwanateolojia wa Nigeria aliyeongoza jumuiya ya makanisa ya kiinjili barani, aliiona hatari ya kweli. Iwapo wote wataokolewa kwa vyovyote vile, toba na mahubiri vina uzito gani? Swali hilo halistahili kubezwa, na Mbiti hakulijibu vya kutosha. Kasoro ya Kato ni kuyaweka chini ya istilahi moja mambo mawili tofauti: kwamba watu wote wataokolewa mwishoni, na kwamba dini zote ni njia za wokovu. Mtu anaweza kulikubali la kwanza na kulikataa la pili. Origen mwenyewe hakufundisha wokovu pasipo Kristo. Kwa kuyaunganisha mambo hayo, Kato anamfanya kila mwenye tumaini pana aonekane ameiacha Injili.

Neno lenyewe

Wanaokubaliana na Kato hutegemea sana Mathayo 25:46. Biblia ya Union Version (1952) inatumia "milele" kwa adhabu na kwa uzima pia. Augustino alikwishajenga hoja juu ya ulinganifu huo: adhabu ikiwa na kikomo, uzima nao utakuwa na kikomo. Ni hoja nzito, na watetezi wa wokovu wa wote hawawezi kuipita kimyakimya.

Hata hivyo, katika tafsiri hiyohiyo, Yona 2:6 inasema mapingo ya nchi yalimfunga nabii hata milele, ilhali alikaa tumboni mwa samaki siku tatu. Katika Warumi 16:25, siri iliyositirika tangu "zamani za milele" imekwisha kufunuliwa. Yona anasema kwa lugha ya kishairi, na Paulo anatazama nyuma. Mifano hiyo haithibitishi kwamba adhabu itakoma. Inathibitisha jambo dogo zaidi: neno hili hupata kadiri yake kutokana na muktadha, kama lilivyo neno la Kigiriki aionios, litokanalo na aion, yaani zama au dahari. Neno pekee haliwezi kuumaliza mjadala.

Hitimisho

Tunapendekeza mambo mawili. Kwanza, kamati zinazopitia upya tafsiri za Biblia ziweke tanbihi penye "milele" katika aya zinazobishaniwa, bila kulibadilisha neno. Pili, waandaaji wa mitaala ya elimu ya dini watenganishe maswali matatu: adhabu ni ya namna gani, ina mwisho au haina, na nani anaokolewa kwa njia ipi. Mtoto anayeambiwa darasani kwamba nyanya yake, aliyefariki bila kubatizwa, anaungua hadi leo, anapewa kama hakika jambo ambalo Wakristo wenyewe wamelijadili tangu karne za mwanzo. Mwalimu anaweza kulishika fundisho la kanisa lake na bado akamweleza mtoto huyo kwamba mjadala huo upo.