Nairobi hadi New York: kilomita zile zile, safari mbili

Tarehe 28 Oktoba 2018 Kenya Airways ilirusha ndege yake ya kwanza kutoka Nairobi hadi New York bila kutua njiani. Wengi walizungumzia zile saa 15 za kukaa angani. Kwangu, kazi ngumu ilikuwa kuiondoa ndege ardhini.

Tuanze na umbali. Ukipiga mstari kwa rula kwenye ramani ya ukutani, utapita kaskazini mwa Kongo, Nigeria na Mali, kisha uingie baharini. Ramani hiyo inadanganya, maana imelaza kitu cha duara. Chukua tufe, kaza uzi kati ya miji hiyo miwili: utakatiza kaskazini mwa Uganda, Sudan Kusini, Chad, Niger, Algeria na Moroko, upite juu ya visiwa vya Azores, na upande kaskazini kidogo kuliko New York yenyewe kabla ya kuishukia. Huo ndio mkato, kama kilomita 11,840. Marubani huupinda kidogo kukwepa dhoruba au anga isiyo salama.

Boeing 787, ndege ya safari hii, hukata takriban kilomita 900 kwa saa. Gawanya, utapata saa 13 na dakika chache. Mbona basi kwenda ni kama saa 15, na kurudi hupungua kwa takriban saa nzima? Juu ya Atlantiki ya kaskazini pepo za juu huvuma kutoka magharibi. Kwenda ni mbisho, kurudi unasukumwa. Chukulia wastani wa upepo kuwa kilomita 60 kwa saa: kwenda utapoteza dakika 56, kurudi utaokoa 49 tu, kwa kuwa upepo wa mbele hukushika muda mrefu zaidi. Ongeza kujongea uwanjani, kupanda na kushuka.

Sasa uwanja wenyewe wa Nairobi. Jomo Kenyatta uko mita 1,624 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi, kama asilimia 85 ya ile ya pwani. Mbawa hubebwa na hewa, injini huvuta hewa. Vyote viwili hupungukiwa. Ndege italazimika kukimbia kasi zaidi ndipo ipae, na njia ya kurukia, ingawa ina zaidi ya kilomita 4, haiongezeki. Wakati huohuo safari hii inadai takriban tani 85 za mafuta, katika ndege ambayo uzito wake wa juu kabisa wa kupaa ni kama tani 228.

Kitu lazima kipunguzwe, na mafuta hayapunguziki. Ni abiria au mizigo. Ndege huondoka usiku, na hilo husaidia: hewa ya baridi ni nzito, na kila nyuzi moja ya joto inayoshuka hurudisha uzito wa kuuza. Abiria anayelalamikia saa hiyo ya usiku huenda kiti chake kimepatikana kwa sababu ya baridi hiyo.

Kutoka JFK, uwanja wa New York, hesabu hulegea. Uwanja ule uko karibu na usawa wa bahari na upepo unakuja kwa nyuma, kwa hiyo mafuta hupungua na nafasi ya shehena huongezeka.