Nani Aliridhia? Uhakiki wa Mitazamo Miwili kuhusu Dola ya Kongo na Biashara ya Atlantiki

Utangulizi

Historia ya Dola ya Kongo, iliyokuwa na makao yake makuu Mbanza Kongo, kaskazini mwa Angola ya leo, mara nyingi hufupishwa kuwa sentensi moja: Wareno walifika, dola ikaanguka. Hata hivyo, tangu Diogo Cão alipofika kwenye mlango wa mto Kongo mwaka 1483 hadi vita vya Mbwila mwaka 1665 ilipita miaka 182. Makala haya yanahakiki mitazamo miwili inayoeleza kilichotokea katika kipindi hicho. Walter Rodney, katika How Europe Underdeveloped Africa (1972), anamchora Mfalme Afonso I kuwa mtawala aliyetafuta mabadilishano yenye manufaa kwa pande zote mbili, akaomba mapadri, mafundi na waganga, akaletewa meli za watumwa. John Thornton, katika Africa and Africans in the Making of the Atlantic World (1992), anashikilia kwamba Wazungu hawakuwa na nguvu za kijeshi za kuwalazimisha Waafrika kufanya biashara, na kwamba uamuzi ulikuwa wa watawala wa Kiafrika wenyewe.

Barua mbili za mwaka 1526

Ushahidi wa kupima mitazamo hii umo katika barua za Afonso kwa João III wa Ureno. Mwezi Julai 1526 mfalme alilalamika kwamba raia wake, hata wana wa wakubwa na jamaa zake, walikuwa wakikamatwa na kuuzwa. Aliomba apelekewe mapadri na walimu, na bidhaa zikome isipokuwa divai na unga wa sakramenti. Mwezi Oktoba mwaka huohuo aliandika tena, akieleza kwamba amewateua watu watatu wa kuchunguza kama kila anayenunuliwa ni mateka halali au ni mtu huru. Barua ya kwanza inaupa nguvu mtazamo wa Rodney. Ya pili inauunga mkono wa Thornton.

Lakini katika barua ya Julai kuna hoja isiyotoshelezwa na mtazamo wowote kati ya hii miwili. Afonso alieleza kwamba watu waliokuwa chini yake hawakumtii tena, kwa kuwa sasa walikuwa na bidhaa za kigeni kwa wingi kumzidi yeye. Hapo zamani utii ulifuata mkono wa mgawaji. Biashara ilipomfikia kila mkubwa wa jimbo moja kwa moja, mgawaji alipoteza nafasi yake. Kwa hiyo dai la Thornton kwamba watawala walichagua linahitaji swali la pili: watawala gani? Uhuru wa mkubwa wa jimbo ulipunguza uhuru wa mfalme. Rodney anautambua mgawanyiko huo, ila anauona zaidi kuwa hila ya mgeni kuliko udhaifu wa muundo wa dola yenyewe.

Fedha na bahari

Udhaifu wa pili ulikuwa wa fedha. Kongo ilitumia makombe ya nzimbu yaliyokusanywa katika kisiwa cha Luanda chini ya mamlaka ya mfalme. Wareno walianzisha mji wa Luanda mkabala wa kisiwa hicho mwaka 1576. Waholanzi waliuteka mwaka 1641, na Garcia II akashirikiana nao. Mwaka 1648 Salvador Correia de Sá aliurejesha kwa Ureno kwa kikosi kilichotoka Rio de Janeiro, kwani mashamba ya miwa ya Brazili yalitegemea watumwa wa Angola. Baadaye kisiwa chenyewe kikawa miongoni mwa madai ya Wareno. Huko Mbwila António I aliuawa vitani, na vita vya urithi vikafuata hadi Mbanza Kongo ikahamwa mwaka 1678.

Hitimisho

Rodney yuko sahihi kuhusu matokeo, na Thornton kuhusu mwanzo. Kinachokosekana ni njia iliyoviunganisha: hiari ilikuwepo, lakini ilihama kutoka kwa mfalme kwenda kwa wakubwa wa majimbo, na hatimaye ikaenda ng'ambo ya bahari. Wanaoandaa mitaala na wanaoshauri kuhusu mikataba ya biashara katika ukanda wetu hawana budi kuuliza zaidi ya kama dola iliridhia. Waulize nani ndani yake aliridhia, na nani alibaki na uwezo wa kusitisha.