Hoja za Msingi za Mdahalo wa Sera na Suala la Lugha ya Kufundishia katika Annexe

Mdahalo wa sera ni sanaa iliyokuzwa hasa katika vyuo vikuu vya Marekani, ambako mashindano yake ya kitaifa yalianza mwaka 1947. Upande mmoja hutetea badiliko la sera na upande wa pili hulipinga. Katika midahalo ya kawaida ya shule, ufasaha wa msemaji huweza kufunika udhaifu wa hoja zake. Mdahalo wa sera humtaka mtetezi ajibu maswali matano. Je, pendekezo limo ndani ya mada? Hali iliyopo ina madhara gani? Madhara hayo yana uzito kiasi gani? Ni kikwazo gani kinachoizuia hali hiyo isijirekebishe yenyewe? Na je, mpango unaopendekezwa utayaondoa madhara hayo? Kwa mapokeo ya sanaa hii, mtetezi akishindwa kujibu swali moja tu, ameshindwa mdahalo mzima.

Ubora na upungufu wa chujio hili hudhihirika linapopitishiwa suala halisi. Chukuliwe pendekezo kwamba Kiswahili kitumike kufundishia madarasa ya mwanzo katika komini ya Annexe, inayouzunguka mji wa Lubumbashi. Madhara si vigumu kuyaeleza: mtoto wa Kalebuka au Luwowoshi anayetumia Kiswahili kila siku hulazimika kujifunza kusoma na kujifunza Kifaransa kwa wakati mmoja. Ugumu huanzia kwenye kikwazo. Sheria ya elimu ya tarehe 11 Februari 2014 imekwisha kuruhusu lugha za taifa na lugha za mazingira kutumika katika kufundishia. Mpinzani atauliza basi: badiliko la nini tena? Swali hili lina manufaa makubwa, kwa sababu humlazimisha mtetezi kutenganisha kikwazo cha sheria na kikwazo cha mazoea. Sheria hiyohiyo yasema Kifaransa ndicho lugha ya kufundishia, na matumizi ya lugha nyingine yaachiwa kanuni za baadaye. Mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari nao hufanywa kwa Kifaransa, na mzazi hupima shule kwa mtihani.

Swali la ufumbuzi ni zito zaidi: ni Kiswahili kipi? Usanifu wa Kiswahili ulisimamiwa na kamati iliyoundwa mwaka 1930 kwa ajili ya Tanganyika, Kenya, Uganda na Zanzibar; Kongo haikuwamo. Kitabu kitasema "watoto wanasoma", hali mtoto wa Annexe husema "batoto banasoma". Mpango usiojibu tofauti hiyo huondoa lugha moja ya kigeni darasani na kuingiza nyingine iliyo nusu ngeni. Hapa mpinzani huweza kuleta mpango mbadala: kuanza na Kiswahili cha Lubumbashi chenyewe, kisha kuelekea Kiswahili sanifu na Kifaransa. Dai kwamba lahaja hiyo haiwezi kuandikwa halina nguvu. Historia ya mji wa Elisabethville iliyotungwa na André Yav mwaka 1965 kwa ajili ya chama cha watumishi wa nyumbani wa zamani iliandikwa kwa Kiswahili hichohicho, na Johannes Fabian aliichapisha mwaka 1990.

Hata hivyo chujio hili lina kasoro moja ya msingi. Tangu Richard Whately alipoeleza jambo hilo mwaka 1828, hali iliyopo hupewa kinga: anayetaka badiliko ndiye mwenye mzigo wa kuthibitisha. Kanuni hiyo huzuia mabadiliko ya pupa, lakini pia huigeuza historia kuwa hoja. Kifaransa hakikuingia darasani Kongo kwa kushinda mdahalo. Kiliingia kwa ukoloni. Leo Kiswahili hudaiwa ushahidi ambao Kifaransa hakikudaiwa kamwe. Tanzania nayo ina mfano wake: mwaka 1982 tume ya rais ya elimu ilipendekeza Kiswahili kifundishie sekondari na vyuo, lakini serikali haikulitekeleza pendekezo hilo, na Kiingereza kikabaki kwa kinga ileile.

Tangu miaka ya 1990 wanamdahalo wamekuwa wakitumia pia hoja inayohakiki misingi ya mada yenyewe. Hoja hiyo yafaa hapa. Suala la Annexe hujadiliwa na wasomi, kwa Kifaransa, mbele ya majaji waliofaulu kwa Kifaransa; mtoto anayejadiliwa hayumo ukumbini. Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Maswali matano yaendelee kufundishwa, kwa kuwa hakuna silaha bora dhidi ya maneno matupu. Lakini mwanafunzi afundishwe na la sita: hali iliyopo nayo ilithibitishwa lini, na nani?