Picha za Ndege Hazitaji Majina

Ndani ya vijitabu kama hiki tumezoea kuandika juu ya ngoma, mahari na methali. Safari hii tunagusa kitu ambacho wengi hawakihesabu kuwa ni mambo ya mila: picha za zamani zilizopigwa kutoka ndani ya ndege. Hapa Kituku, mahali mama wanauza sambaza na maboti yanapakia watu wa Minova, ni wachache sana waliowahi kuziona.

Zipo Tervuren, Ubelgiji, ndani ya jumba la makumbusho ya Afrika ya Kati. Ni zaidi ya 300,000, za Kongo, Rwanda na Burundi, na nyingi ni za miaka ya mwisho ya ukoloni. Ndege ilikuwa inapita kwa mistari, kamera ikitazama chini, na kila picha inarudilia karibu sehemu 60 kwa 100 ya ile iliyotangulia. Ukiziweka mbili chini ya kioo chake, mlima unasimama mbele ya macho. Kazi safi, tunaisifu.

Kwa mji wetu faida yake ni kubwa. Tarehe 17 Januari 2002 moto wa Nyiragongo ulipasua katikati ya Goma mpaka ukaingia ziwani. Mitaa mizima ikalala chini ya mawe. Kijana aliyezaliwa nyuma ya hapo hana pa kuuliza nyumba ya babu ilikuwa wapi. Picha ya miaka ya 1950 inamuonyesha njia. (Tena inamuonyesha ziwa ambalo sambaza walikuwa hawajaingia bado, maana waliletwa kutoka Tanganyika karibu na mwaka 1959!)

Lakini hapa ndipo tunakosoa. Picha ya namna hii inatambuliwa kwa namba, kwa mwaka na kwa mustari wa ndege. Jina la kilima haiko. Shamba la nani, kaburi la nani, haiko. Mwaka 2021 wataalamu walitoa uchunguzi ambao ulitumia picha za zamani kupima namna misitu ya Kivu ilivyopungua na hatari ya maporomoko ilivyoongezeka. Kwa kazi hiyo majina hayakuwa ya lazima. Kwetu sisi ni ya lazima, tena sana, kwa sababu picha bila mzee inaweza kusema uongo. Shamba lililopumzishwa, ukilitazama kutoka juu, linafanana na pori lisilo na mwenyewe. Na tunakumbuka kwamba tangu 1885 utawala wa Leopold II ulitangaza kuwa ardhi tupu ni ya Serikali. Leo, na makambo ya viwanja tuliyo nayo, mtu mwerevu akishika picha kama hiyo mbele ya tribinali, nani atamjibu?

Wengine watasema tukipewa zitaharibika, wakitukumbusha vita vya Goma vya Januari 2025. Hatubishi. Filamu za zamani zinataka baridi isiyokatika. Zikipata joto zinaanza kunuka siki na kujikunja, na umeme wetu tunaujua. Basi za asili zibaki huko. Tunachoomba ni nakala, zilizochapwa kwa karatasi kubwa, kwa kuwa mzee wa miaka 80 hatasoma kilima chake kwa simu. Tuliona Julai 2025 namna Serikali ilivyopatana na kampuni ya Marekani KoBold Metals, na arshivi za jiolojia za Tervuren zikaingia ndani ya mazungumzo. Kumbe arshivi za madini zinapata wa kuziulizia haraka!

Mtu aliyekuwa na miaka kumi mwaka 1955 leo amepita 80. Nakala za mistari ile iliyopita juu ya Goma na Sake zinatosha kwa kuanza. Meza tuko nayo, kalamu pia, na wazee wawili watatu ambao macho yao bado yanaona.