Baiskeli nyepesi ya umeme: usiangalie kilo tu
Turbo Levo SL ya Specialized, iliyotoka 2020, inasifiwa kwa wepesi, na kweli ni nyepesi. Betri yake, wati-saa 320, si ndogo kama watu wanavyosema: kupandisha kilo 100 kwa mita 100 kwenda juu kunahitaji takribani wati-saa 27, ukiacha zinazopotea njiani.

Tatizo ni mota. Imekaa kwenye pedeli, kwa hiyo nguvu yake na ya miguu yako zote zinapita kwenye mnyororo mmoja, na vumbi la Dodoma wakati wa kiangazi linausaga. Mota ya kwenye gurudumu huchoka mapema mlimani, ila mnyororo unabaki na kazi ya miguu tu. Sasa jiulize: ikifa, fundi wako wa mtaani atapata wapi spea?