Pua ya Sanamu na Shahidi wa Pili: Tahakiki ya Filamu "Notre-Dame du Nil"

Filamu zinazohusu shule za bweni za wasichana zimekwisha kuwa na desturi zake. Tangu "Mädchen in Uniform" ya Ujerumani (1931) hadi "Picnic at Hanging Rock" ya Australia (1975), mtazamaji anajua atakachokuta: kengele, sare, bweni lenye giza, walezi wakali, urafiki unaogeuka kuwa wivu, na juu ya yote hali nzito ya kimya inayotangulia msiba. "Notre-Dame du Nil", iliyotolewa mwaka 2019 na Atiq Rahimi, mwongozaji mzaliwa wa Afghanistan anayeishi Ufaransa, inazifuata desturi hizo karibu zote. Hata hivyo msiba wake si wa kubuniwa tu. Shule yenyewe imewekwa juu ya milima ya Rwanda mwaka 1973, na msomaji wa jarida hili hahitaji kuambiwa jirani zetu hao walifikia wapi mwaka 1994.

Filamu imetokana na riwaya ya jina hilo hilo ya Scholastique Mukasonga, iliyochapishwa mwaka 2012 na kupata tuzo ya Renaudot mwaka huo. Mukasonga alisoma shule ya masista ya Notre-Dame de Cîteaux mjini Kigali, akakimbilia Burundi mwaka 1973 wanafunzi wa Kitutsi walipofukuzwa mashuleni, na mwaka 1994 jamaa zake wengi waliuawa. Shule ya riwayani ameibuni, lakini aliyoyabuni aliyajua.

Kisa chenyewe si kirefu. Katika shule ya Kikatoliki wanasomeshwa mabinti wa wakubwa ili wawe wake na mama wa wakubwa. Watutsi wanaruhusiwa kwa kiwango cha asilimia 10 tu; ndiyo sababu darasa lina wawili, Virginia na Veronica. Karibu na shule kuna chemchemi isemwayo kuwa chanzo cha mto Nile, na hapo imesimama sanamu ya Bikira Maria mweusi. Gloriosa, binti wa waziri, anaitazama sanamu hiyo na kusema kwamba pua yake ni ya Kitutsi. Anaamua kuibandua na kumtengenezea Maria pua ya watu walio wengi. Anamchukua rafiki yake Modesta, ambaye mama yake ni Mtutsi. Wanarudi wakiwa wamechafuka, na kwa kuogopa adhabu Gloriosa anasema wamevamiwa na waasi wa Kitutsi. Uongo huo unapokelewa, unakuzwa, unapewa askari. Na mwisho wake ni damu.

Tuizungumze kwanza pua, kwa maana ina njia ndefu iliyopita hapa kwetu. John Hanning Speke alikatiza Ugogo katika safari mbili, kwanza pamoja na Burton katika safari ya 1857-59, kisha pamoja na Grant mwaka 1860-61, akilalamikia hongo alizotozwa na watemi. Katika kitabu alichokitoa mwaka 1863 alieleza dhana yake kwamba watawala wa falme za maziwa makuu walikuwa uzao wa wageni kutoka Uhabeshi, wana wa Hamu waliostaarabika kuliko waliowatawala. Speke hakufika Rwanda. Ila waliomfuata waliichukua dhana hiyo wakaivika Watutsi. Wabelgiji wakaandika kabila katika vitambulisho miaka ya 1930. Na wale waliopindua utawala wa kifalme tangu 1959 hawakuitupa dhana hiyo bali waliigeuza kichwa chini: kama wewe ni mgeni kutoka Uhabeshi, basi rudi huko. Mtu aliyekuwa akitafuta chanzo cha Nile aliacha njiani chanzo cha jambo lingine. Sanamu ya Nile na ile pua yake inayakusanya hayo yote mahali pamoja, na mwongozaji hahitaji hotuba ili kuyasema.

Ndani ya filamu mrithi wa Speke ni mlowezi mzee, Fontenaille, aishiye jirani na shule, anayeamini kwamba Watutsi walitoka Misri ya kale. Anamvika Veronica mavazi ya mungu wa kike Isis na kumchora. Anampenda, au tuseme anapenda kitu alichokiweka mahali pa Veronica. Sehemu hizi ni nzuri, na hapa ndipo wasiwasi wetu unapoanzia. Filamu inamlaumu mzee huyu kwa kuwageuza wasichana kuwa picha, kisha yenyewe inafanya vivyo hivyo. Ukungu wa milimani, weupe wa mashuka, nyuso zilizotulia: vyote vimepangwa kwa umahiri mkubwa, hata mara nyingine tunamtazama Veronica kwa jicho la Fontenaille bila kuonywa.

Tatizo hili si la mapambo tu. Hali nzito ya filamu za namna hii humfundisha mtazamaji kuiona chuki kama hali ya hewa: inashuka kutoka mlimani, inaingia bwenini, hakuna aliyeileta. Ni kweli kwamba jamii iliyofungwa ya wasichana huambukizana hisia kwa kasi. Tanzania tuna mfano uliojulikana dunia nzima: tarehe 30 Januari 1962, katika shule ya misheni ya wasichana ya Kashasha, karibu na Bukoba, kilianza kicheko kisichozuilika kilichowapata wanafunzi 95 kati ya 159, na shule ikafungwa mwezi Machi. Kicheko cha Kashasha hakikuwa na mwenyewe. Uongo wa Gloriosa unaye mwenyewe. Una aliyeutunga, una aliyeushuhudia, una waliofaidika nao, na una wakubwa waliousikia na kuona kwamba unawafaa. Ni mambo mawili tofauti kabisa, na kila filamu inapoyachanganya katika ukungu mmoja inapunguza ukweli wake yenyewe.

Katika Katekismo yetu jambo hili ni la amri ya nane. Luther, kama tujuavyo, hakuridhika na kukataza uongo. Aliidai amri hiyo hadi kumtetea jirani na kumsemea mema. Kwa kipimo hicho, wakosaji wa filamu hii ni wengi kuliko wasichana wawili. Mapadre na masista wa shuleni hawashiki rungu. Wanakubali tu habari ambayo ingekuwa taabu kuikanusha, kwa kuwa baba wa msichana ni waziri. Anayekumbuka shamba la Nabothi katika Wafalme wa Kwanza, sura ya 21, atautambua mpango wote: heshima ya dini inatangulizwa, mfungo unatangazwa, na mtu anaangamizwa kwa mdomo kabla ya jiwe. Gloriosa naye anaanza kwa kumtetea Bikira Maria.

Historia yenyewe inaunga mkono usomaji huu. Mwezi Februari 1973 orodha za majina ya wanafunzi wa Kitutsi zilibandikwa mashuleni na katika Chuo Kikuu cha Butare. Karatasi hizo ziliandikwa kwa mikono ya watu. Tarehe 5 Julai mwaka huo Juvénal Habyarimana alitwaa madaraka kutoka kwa Grégoire Kayibanda. Na mahakama ya kimataifa iliyokuwa Arusha, ilipowatia hatiani mwaka 2003 watu watatu wa redio RTLM na gazeti la Kangura, ilikuwa inahukumu maneno, ingawa rufaa ya mwaka 2007 ilitengua baadhi ya makosa hayo.

Kuhusu uigizaji tutasema kwa kifupi: wasichana wa Rwanda walioigiza wanabeba filamu hii, hasa Albina Kirenga katika nafasi ya Gloriosa, anayeufanya uovu uonekane kama bidii ya kiranja mwema. Pascal Greggory anamwigiza Fontenaille bila kumdhihaki, jambo lililo sahihi.

Je, ionyeshwe katika shule zetu? Wachungaji wengi wa nyanda hizi za kati huitwa kufundisha vipindi vya dini mabwenini, na wengine huitwa usiku wasichana wanapoanguka na kupiga kelele, na asubuhi jina la mwenzao mmoja tayari linatajwa kuwa ndiye mchawi. Mara nyingi anayetajwa ni yule asiye na mtu. Anayejua asubuhi ya namna hiyo hatasema kwamba filamu hii ni ya Wanyarwanda peke yao. Sisi tungeionyesha kwa kidato cha tano na cha sita, pamoja na mwalimu wa historia, na si usiku. Ina mambo ya ukatili ambayo walio wadogo hawana haja nayo. Lugha zake ni Kifaransa na Kinyarwanda, basi itahitaji mtu wa kufasiri.

Na tungewaomba wanafunzi wamtazame Modesta. Wengi watabishana juu ya Gloriosa, na ni haki yao. Wengine watamsifu Immaculée, Mhutu aliyethubutu kumwokoa Virginia. Lakini Torati haikubali neno kwa kinywa cha shahidi mmoja, na Gloriosa analijua hilo bila kufundishwa. Bila Modesta, kisa chake kingebaki maneno ya msichana mwenye matope aliyechelewa kurudi. Modesta hamchukii mtu. Anataka tu kukaa karibu na mwenye nguvu, kwa kuwa nusu yake moja ni hatari kwake. Anapoulizwa anaitikia, na waasi anaowashuhudia, ambao hawakuwako, ni watu wa kabila la mama yake mzazi.