Vipindi vya Kurukwa

Katika mwaka 2004 mpwa wangu aishiye Uingereza aliniletea mkoba wa sahani za tamthilia ya televisheni iitwayo Star Trek: Deep Space Nine, misimu yote saba, na ndani yake akatia karatasi iliyoandikwa kwa mkono. Haikuwa barua ya salamu. Ilikuwa ni orodha ya vipindi ambavyo, kwa rai yake na ya wenziwe waipendao tamthilia hiyo, mtazamaji mwenye akili avipite bila ya kuvifungua. Nikaisoma juu hadi chini: karibu vyote vilikuwa vipindi vya kuchekesha, na karibu vyote vilihusu kaumu moja ya viumbe wa anga, Waferengi. Mimi sikusomea fasihi katika chuo chochote. Nimejifunza kusoma kwa kuvunja amri za walionambia kipi kisomwe na kipi kiachwe. Nikaanza na vilivyokatazwa.

Kwa msomaji asiyeijua, tamthilia hii ilionyeshwa Marekani baina ya 1993 na 1999. Mahala pake ni kituo cha anga kilichoko jirani na sayari ya Bajor, na mkuu wa kituo ni Benjamin Sisko, aliyeigizwa na Avery Brooks, Mmarekani Mweusi wa kwanza kuwa kiongozi katika tamthilia za jina hilo. Kadiri misimu inavyosonga, hadithi inaingia katika vita vikubwa dhidi ya dola iitwayo Dominion. Katika kituo hicho hicho kuna baa, na mwenye baa ni Mferengi, Quark. Anaye ndugu yake Rom, mtoto wa ndugu yake Nog, na mama yao Ishka aliyebaki kwao. Waferengi ni wafupi, wana masikio makubwa na meno ya upogo, na dini yao ni faida. Wana kanuni 285 za kuchuma mali, nao huzitamka kama sisi tutamkavyo methali. Wanawake wao hawaruhusiwi kufanya biashara, wala kusafiri, wala kuvaa nguo.

Waferengi hawakuumbwa wachekeshe. Walipotokea kwanza, mwaka 1987 katika Star Trek: The Next Generation, walikusudiwa wawe maadui wa kutisha. Watazamaji wakawacheka. Mmoja wa waigizaji waliovaa sura ile ya bandia katika kipindi hicho ni Armin Shimerman, na ndiye huyo aliyekuja kuwa Quark. Akawa ni kama fundi aliyerudi kwenye jahazi alilolijenga vibaya, akakaa miaka saba akilikalafati.

Hoja ya mashabiki walio upande wa mpwa wangu si ya kipuuzi, nami naieleza kama wanavyoieleza wao. Mwezi Aprili 1998 kilionyeshwa kipindi kiitwacho "In the Pale Moonlight", ambamo Sisko anabandika kila Ijumaa orodha ya waliokufa vitani, na mwishowe anashiriki uongo na mauaji ili apate mshirika wa vita. Mwezi uliofuata, Mei, watazamaji wale wale wakaletewa "Profit and Lace", ambamo Quark anageuzwa mwanamke kwa upasuaji ili akamshawishi tajiri wa vinywaji. Wanauliza: mtu huyu anayehesabu maiti na huyu anayeyumba juu ya viatu vya kisigino wanaishije katika nyumba moja? Walio upande wa pili hujibu kwamba baada ya huzuni hadhira yataka kupumua. Jibu hili silipendi zaidi kuliko shutuma yenyewe. Laifanya ramsa kuwa ni chai ya mapumziko, na kwa hivyo lakubali kimya kimya kuwa kazi haifanyiki humo.

Nami nasema kazi inafanyika humo, tena nyingine ni ngumu. Tuchukue "The Magnificent Ferengi", kipindi cha Januari 1998, ambacho jina lake linacheza na filamu ya ng'ombe na bastola ya 1960, The Magnificent Seven. Ishka ametekwa na Dominion. Quark anawakusanya Waferengi wenzake wakamwokoe: ndugu yake, mpwa wake, binamu yake muuza silaha, muuaji wa kukodiwa, na hata Brunt, hasimu wake wa siku zote. Wanajizoeza kushambulia kama askari, na kila mara mateka wa mazoezi anakufa. Ndipo Rom anapouliza swali la mtoto: sisi ni wafanyabiashara, kwa nini tusifanye biashara? Basi wakampata mfungwa wa kubadilishana naye. Nao, kwa ugomvi wao wenyewe juu ya fedha ya fidia, wakamuua yule mfungwa kabla ya kumkabidhi. Nog akamtia mitambo ya kumshtua neva ili maiti itembee. Maiti ikatembea, ikayumba, ikajigonga ukutani, ikarudi, ikajigonga tena.

Nimekiona kipindi hiki mara nne, na bado nacheka kwenye ule ukuta. Lakini angalia kinachochekwa. Waferengi wanachekesha pale wanapojaribu kuwa mashujaa kwa kipimo cha watu wengine. Wanafaulu, kwa namna yao ya kupwelea, wanaporejea katika ujuzi wao. Mwandishi hakuwapa ushujaa wa kuazima mwishoni. Hiyo ni hishima, na ni hishima adimu katika vichekesho vinavyohusu watu wa mbali.

Jina lao nalo lina mzaha ambao sijui ni mashabiki wangapi huusikia. Kwa Kiarabu faranji, kwa Kiajemi farangi, kwa Kihindi firangi, na jirani zetu wa Ethiopia husema farenji: katika lugha zote hizo ni Mzungu, mtu wa Ulaya, mgeni aliyekuja na bidhaa zake na tamaa yake. Mmarekani aliyeketi mbele ya televisheni akamcheka Mferengi kwa uchu wa faida alikuwa anaitwa kwa jina lake mwenyewe.

Na Mferengi anajibu. Katika kipindi cha 1994, "The Jem'Hadar", Quark anamwambia Sisko kwamba wanaadamu wanawachukia Waferengi kwa sababu wanawakumbusha walivyokuwa wenyewe, na kwamba walivyokuwa ni vibaya zaidi: katika historia ya Waferengi hamna utumwa, hamna kambi za mateso, hamna vita vya kuangamizana. Maneno haya yanatamkwa mbele ya uso wa Avery Brooks. Mtu aliyekulia kisiwa hiki, akapita utotoni mwake mbele ya kanisa la Mkunazini lililojengwa pale palipokuwa soko la watumwa, hawezi kuyasikia kama mzaha tu. Ila Quark, katika hisabu yake ya usafi, amemsahau mama yake. Mwaka uliofuata, katika "Family Business", mama yake anamkumbusha: anamkuta amevaa nguo, anafanya biashara kwa siri, na anachuma kuliko wanawe. Hapo Mferengi anajibiwa na Mferengi, na hapo nikaanza kuwaamini waandishi.

"Little Green Men", wa mwaka 1995, unakwenda mbali zaidi. Quark, Rom na Nog wanaangukia Marekani ya 1947, mahala paitwapo Roswell, na wao ndio wanaokuwa viumbe wa ajabu waliofungiwa na jeshi. Vifaa vya kutafsiri lugha vilivyo masikioni mwao vimeharibika, wanajipiga vichwa ili viamke. Wanajeshi nao, wakidhani hiyo ndiyo salamu ya kwao, wanajipiga vichwa vyao. Kwa mtu ambaye kazi yake ni tafsiri, sijaona picha ya kweli zaidi ya hali yetu: pande mbili zinaigana kwa adabu kubwa jambo ambalo si neno. Kisha Quark anaanza kuwatazama wanaadamu, watu wanaovuta moshi wa sumu kwa hiari na kulipua mabomu ya atomiki juu ya ardhi yao wenyewe, na dhihaka inageuka upande.

Zile kanuni 285 ningependa siku moja kuziona kwa Kiswahili, si kwa hekima yake bali kwa umbo. Kanuni ya 34 yasema vita ni vyema kwa biashara; ya 35 yasema amani ni njema kwa biashara. Mashabiki wengi huzichukua kama mzaha juu ya watu wasio na msimamo. Lakini sisi tunaosema "haraka haraka haina baraka" asubuhi na "ngoja ngoja huumiza matumbo" jioni, twajua kwamba hivyo ndivyo hekima ya watu inavyofanya kazi. Methali haisemi ukweli wote, husema ukweli wa saa ile.

Wenzetu wa bara wana kitu kiitwacho utani, kama ule wa Wanyamwezi na Wazaramo. Mtani hukutukana mbele za watu, nawe humtukana, na hakuna wa kukasirika. Hata msibani mtani hufanya mzaha juu ya maiti. Lakini mtani huyo huyo ndiye mwenye wajibu wa kushika kazi za mazishi. Pasipo kujibizana na pasipo wajibu, utani haupo, pana stihizai tu. Nalisema hili nikijua ninalosema. Nilipokuwa kijana nilitunga shairi la kuiga lafudhi ya Kitumbatu ya jirani yetu mmoja, nikalisoma harusini, likapigiwa makofi mpaka nikalirudia. Mwenye lafudhi alikuwapo, akacheka pamoja nasi. Hakuja tena barazani kwetu. Shairi lilikuwa na vina safi na mizani iliyotimia, na katika beti zake zote sikumpa yule mtu hata mshororo mmoja wa kunijibu.

Kwa kipimo hicho "Profit and Lace" kinaanguka, nami hapa nakubaliana na mpwa wangu, ingawa si kwa sababu zake. Alexander Siddig, mwigizaji mzaliwa wa Sudan aliyecheza daktari wa kituo, ndiye aliyekiongoza, na simtupii yeye lawama ya kilichoandikwa. Kipindi kinaanza kwa Quark kumwashiria mfanyakazi wake wa kike kwamba kazi yake inategemea kumridhisha yeye mwilini. Baadaye Quark mwenyewe anavikwa mwili wa kike na kukimbizwa na mzee mwenye uchu. Palikuwa na hadithi hapo. Lakini kinachochekwa ni hina ya sauti, makalio na machozi, yaani wanawake wenyewe, nao hawapewi jibu. Hata Ishka, mwenye ulimi mkali kuliko wanawe wote, analazwa mgonjwa wa moyo nusu ya kipindi. Mtani amezibwa mdomo.

Liko jambo zito zaidi ambalo baadhi ya mashabiki hulisema na wengine hawataki kulisikia: masikio yale, pua ile, tamaa ile ya fedha, ni picha ambayo Ulaya iliwachora nayo Mayahudi kwa karne nyingi, na mwisho wa uchoraji ule waujua. Hujibiwa kwamba Shimerman mwenyewe, na Wallace Shawn aliyeigiza Zek, mkuu wa Waferengi, ni wa asili ya Kiyahudi. Jibu hilo halitoshi. Mwigizaji aweza kuivaa sura aliyokuta imeshachongwa na akaitia utu, na hawa waliutia. Lakini mchongo haufutiki. Mimi nautazama nikiwa na dhiki hiyo, wala siitafutii dawa.

Utu wenyewe waonekana zaidi kwa Rom na mwanawe. Mwaka 1995, katika "Heart of Stone", Nog anamwomba Sisko amdhamini aingie chuo cha maafisa wa anga. Sisko anambana kwa ukali aseme kwa nini, mpaka kijana anapiga ukelele: baba yangu ni fundi hodari, angekuwa mhandisi mkuu wa merikebu, lakini kwa kuwa ni Mferengi alilazimishwa kuwa mfanyabiashara, na hana kipaji nacho, mimi sitaki kumalizikia hivyo. Mwaka uliofuata, katika "Bar Association", yule baba anaumwa sikio na haruhusiwi kupumzika, anaunda chama cha wafanyakazi wa baa, anaitisha mgomo. Kwanza wenzake hawataki, na sababu anayoitoa Rom inachekesha hadi inachoma: mfanyakazi wa Kiferengi hataki unyonyaji ukome, anangojea zamu yake ya kunyonya. Mgomo unashinda. Rom anaacha kazi ya baa na kwenda kuwa fundi wa kituo.

Kisha vinakuja vita. Mwishoni mwa 1998, katika "The Siege of AR-558", Nog anapoteza mguu. Quark, aliyekuwapo, alikwisha kumwonya kuhusu wanaadamu: waondolee chakula, usingizi na maji ya kuogea, utawaona walivyo. Kipindi hiki, na kinachokifuatia katika kisa cha Nog, "It's Only a Paper Moon", mashabiki wote huvitaja miongoni mwa vilivyo bora, wakiwamo wanaowarukia Waferengi kila wanapotokea.

Nilimpigia simu mpwa wangu nikamweleza haya. Akanisikiliza kwa adabu, kisha akaniuliza kama nimeshafika kwenye mguu wa Nog. Nikamwambia nimefika, na kwamba nililia.

"Mjomba, mimi hapo niliona vizuri," akasema, "lakini sikulia. Wenzangu wanasema wamelia."

Nikamwuliza, "Ile ya mgomo uliiona?"

Hakuwa ameiona.